Visigino vyangu

Butembo, siku ya tano, magaribi

Visigino ndivyo vitaniua.

Tangu barebelle, wale waasi, bachukue kambi yetu ya Beni, nimejificha hapa kwa wazazi wa muke wangu, Kavira. Baofisa wenzangu wamehamia upande wa barebelle. Mimi niliapa kwa serikali, siapi mara mbili. Donc, basi, niko mulimaji: kofia ya baba mukwe, jembe begani, na ndevu zinazoniwasha muchana kutwa.

Leo nilitoka sokoni na binti yetu Masika. Mbele ya bureau, ofisi ya mji, filimbi ikalia. Ni saa ya kushusha bendera, na kila mutu anasimama, hata wenye mizigo kichwani. Bendera ni ileile, mais wenye kuishusha ni wengine.

Batu walisimama kama batu waliochoka. Mimi nikagonga visigino, mikono ikanyooka, kifua mbele. Mwili haukuniuliza.

Musoda mumoja, askari wao, alinitazama mpaka filimbi ya pili.

Nyumbani nilimusimulia Kavira, hakupiga kelele. Alisema tu, «Baba Masika, utatumaliza.»

Halafu nikasikia sauti ya Masika kule barabarani. Alikuwa amepanga batoto ya jirani kwa mustari, visigino pamoja. «Hapana vile!» alibaambia. «Papa yangu anasimamaka hivi.»

Nilimuvuta ndani. Tangu azaliwe nilitamani aheshimu ile bendera.

Leo nimemuchapa, kwa sababu anasimama kama baba yake.