Nati za Upande wa Kushoto

Baba Gathii,

Usiwashe lori. Uji wa watoto uko kwa sufuria ya kijani, ndama ameshakunywa. Usiwashe, hata kama ndugu yako Kimotho atakulilia ati mahindi yake yataoza.

Ulipopeleka ng'ombe dip kuogeshwa dawa ya kupe nilishika nati za gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Zikazunguka kwa vidole! Nikampigia simu Jotham wa Bungoma, yule aliyetuuzia lori. Akacheka. "Mama, hiyo rori ni ya zamani bana. Za kushoto zinafungwa kinyume na za kuria. Si nirimwambia mzee?"

Ati mzee aliambiwa.

Kila asubuhi unapanda juu ya spana, inalia krr, unasema, "Hiyo imeshika." Kumbe ulikuwa unafungua. Na mimi huku ndani nimefunga kwa maombi tangu Jumapili, naombea gurudumu hilo hilo, tumbo limeshikana na mgongo.

Nimezikaza vile Jotham amesema. ~~Labda zitashika.~~ Hazishiki. Meno ya bolti yamelika, na mashimo ya rimu yamepanuka yakawa kama mayai. Shamba la Kachibora tuliliuza kwa sababu ya chuma hii.

Naenda Kamukuywa kumwambia mnunuzi wa mahindi asitungoje. Spana nimeibeba.

Thamosi usiitikise, haina kitu. Chai nimekunywa yote, na mkate. Kama ni kufungua, hata mimi nimefungua.

Mama Gathii