Ufito Mmoja Ambao Haukuwa wa Saiprasi

Alhamisi, Julai, jioni. Nyeri haijaona jua tangu juzi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani. Nimewasha jiko la makaa, nimevaa sweta mbili.

Wachira amelala mapajani mwangu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa sababu mkono mwingine uko kifuani mwake na sitaki kuutoa.

Leo nimeogopa.

Nianze na kitanda. Nilikinunua Chaka kabla ya mvua kuisha, kwa mwanamke anayeitwa Mama Njeri. Alikuwa amekiweka kando ya barabara pamoja na meza na viti, vitu vya kutumika lakini safi. Ni kitanda cha mtoto, kile chenye fito za kumzuia asianguke. Chote ni saiprasi. Huku kwetu hakuna asiyejua saiprasi, tumekua tukiinusa kwenye ua na kwenye dari. Lakini ufito mmoja ulikuwa tofauti, mweusi kidogo, mzito, wenye michirizi kama chai iliyomwagika. Mwingine ulivunjika, nikafikiri, wakatia huu.

Niliuona mzuri. Sikuuliza ni mti gani. Mimi hushona yunifomu za shule, na kitambaa nakijua hata nikifunga macho. Mbao kwangu zilikuwa mbao tu.

Na kati ya fito zote, Wachira aliuchagua huo. Tangu meno mawili ya chini yatoke, akiamka anasimama, anaukumbatia, anatafuna. Nimempiga picha akifanya hivyo. Nimeituma kwa watu, wakacheka.

Jana mama mkwe wangu alikuja kutoka Naro Moru. Wachira amepewa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo mama mkwe humwita “mume wangu”. Mume wangu amekula? Mume wangu mbona hana soksi? Mzee mwenyewe tulimzika mwaka jana. Sisi hucheka mama akisema hivyo, naye hucheka, lakini nimeona anavyomshika yule mtoto.

Leo asubuhi aliinama kumchukua kitandani, akaona alama za meno. Akaukwaruza ufito kwa ukucha. Akanusa.

“Hii mti ni gani?”

Nikasema sijui, mama.

“Hata mimi siijui. Na mti hujui haiwekwi kwa mdomo ya mtoto.” Halafu akasema neno moja polepole, kama hataki lisikike: muricu.

Muricu ni ule mti ambao wazee walichemsha wakapata sumu ya mishale. Kila mtoto wa huku ameambiwa habari za watu waliochoma nyama kwa vijiti vyake na hawakuinuka pale walipoketi. Unaota sehemu kavu, huko Kieni. Chaka iko Kieni.

Ndipo nikagundua kwamba Wachira alikuwa bado amelala. Wachira, ambaye huniamsha kabla ya jogoo.

Nilimtikisa. Akafungua macho, akayafunga. Nikampa titi, akanyonya kidogo, akatapika yote.

Mimi nikitaka kujua uzi ni wa pamba au nailoni, huuchoma na kunusa moshi. Ni mazoea tu. Nilikuwa nimeshang'oa ufito kwa nyundo na kuchukua kiberiti, nikwaruze vumbi lake nilichome. Mama aliupiga mkono wangu mpaka kiberiti kikaanguka. “Wacha! Hata moshi yake utavuta?”

Wakati naufunga ule ufito ndani ya leso, niliona upande wa chini. Chini ya vanishi kulikuwa na alama nyingine za meno, ndogo, za zamani, si za Wachira. Mtu alikuwa ameutafuna kabla yake.

Kitanda cha mtoto huuzwa mtoto akikua.

Ama asipokua.

Hospitalini daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu sana. Akasema kwa sasa unapiga vizuri, lakini akae pale mpaka alasiri wamwangalie. Akauliza ni mti gani. Nikamwonyesha leso. Akatikisa kichwa, akasema hilo si somo lake, nitafute jibu haraka niwezavyo.

Nilimwacha Wachira kwenye mikono ya mama, nikateremka mbio mpaka kwa mafundi wa mbao walio chini ya hospitali. Walikuwa watatu. Wa kwanza aliupima mkononi, akautia kwenye ndoo ya maji, ukazama. Akasema hiyo si podo, si saiprasi, hiyo ni mti ya nguvu. Wa pili akaupiga randa kidogo na kunusa. Alikuwa ameshaweka vumbi lake karibu na ulimi, maana ndivyo wanavyofanya wakishindwa na harufu, niliposema mama mkwe anaogopa ni muricu. Alitupa lile vumbi na kujipangusa mkono kwenye suruali, mara mbili. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuushika.

Mmoja akasema ni mutamaiyo, mzeituni wa porini usio na sumu, mwenzake aangalie hiyo michirizi. Mwingine akasema muricu ikizeeka pia inakuwa nyeusi ndani. Wakabishana. Yule wa tatu, ambaye alikuwa hajasema kitu, akanihurumia. “Mama, mti inajulikana na majani. Wewe umetuletea mfupa, unataka tukuambie rangi ya ng'ombe.”

Nilirudi juu nikilia. Nasema bila haya, nililia barabarani watu wakinitazama.

Nambari ya Mama Njeri nilikuwa nayo tangu siku ya kuleta kitanda. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena. Nilikaa kwenye benchi la wodi nikimwangalia mama. Alikuwa ameweka sikio kifuani mwa Wachira na hakuinua kichwa nilipoingia. Midomo yake ilikuwa inaomba.

Simu ikalia. Ni yeye, Mama Njeri, ameona nimemtafuta. Nilikuwa nimepanga kumwuliza juu ya mti. Nilichosema ni, “Mtoto aliyelalia kile kitanda yuko wapi?”

Nikasikia upepo wa Chaka kwenye simu. Nilitamani nikate nisisikie jibu.

“Njeri? Njeri ako shule,” akasema. “Kwani amekosea nani?”

Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayefikiri anaongea na mwendawazimu. “Ako klasi wani. Ameng'oka meno ya mbele yote, saa hii hata mahindi hawezi.”

Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Ndipo nikauliza juu ya ufito. Ni mutamaiyo. Ule wa saiprasi ulivunjika, mume wake akakata tawi la mti ulio nyuma ya zizi lao, mti ule ule wanaochoma kijiti chake kusafisha kibuyu cha maziwa. Njeri alikunywa maziwa ya kibuyu hicho, akatafuna na ufito. Ati nikitaka niende niuone mti wenyewe, uko pale, una majani.

Alasiri daktari alirudi. Akainua mdomo wa Wachira, akatuonyesha ufizi wa juu, mwekundu, umevimba, na ncha nyeupe ikichungulia. Homa ya jino, akasema, imemkatiza usingizi usiku na kumtapisha. Basi.

Mama alimfunga mtoto mgongoni mwake kwa leso ile ile iliyobeba ufito, akatoka nje kwenye ukungu. Nilimfuata. Nikamsikia akiongea naye kwa sauti ya chini, si ya utani.

“Mume wangu, usiniache mara mbili.”

Sasa amelala chumba cha pili, huyo mama, na ufito umesimama nyuma ya mlango. Najua ni mutamaiyo. Najua Njeri yuko darasa la kwanza na pengo lake. Jumamosi nitaenda Chaka niyaone hayo majani kwa macho yangu, kisha nitaurudisha ufito mahali pake.

Leo pengo la kitanda libaki wazi. Leo analala kwangu, na mkono wangu hautoki hapa.