Mgeni Hafiki Tena Balkoni

Tassia, Jumapili jioni

Mama,

Wamemaliza lile jengo la jirani. Ulipotuacha lilikuwa msingi tu na kelele za mafundi. Sasa limetupita kwa urefu, na nikinyoosha mkono kutoka balkoni nakaribia kugusa ukuta wake. Jua haliingii tena.

Jua hilo ulizoea kuliita mgeni. "Mgeni amefika, sogezeni ndoo!" Nasi tukaziburuta ndoo ulizopanda mboga ya mrenda zifuate mwanga. Unakumbuka pasta alipobisha hodi saa hiyohiyo? Akadhani ni yeye unayemsema. Akaingia, akainama, akashika ndoo. Ulicheka mpaka ukaketi sakafuni.

Baada ya mazishi mrenda wako ulianza kurefuka bila majani, umepauka, umeinama upande mmoja. Mama Brayo wa mlango wa pili akanitania, "Huo mrenda unatafuta netiwaki ama?" Nikacheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia. Zile mbegu ulizopewa na nyanya kule Bungoma zilikwisha, na nyanya mwenyewe hayupo. Mrenda huu ukifa kabla ya kuzaa, ndio basi.

Nikauongezea maji. Nikaongeza mbolea. Mrenda ukazidi kunyong'onyea, udongo ukaanza kunuka. Kumbe ulichokosa ni mwanga.

Nikamsihi keateka, yule mtunza jengo letu, atufungulie paa. "Siste, huku ni kwa kuanika nguo, si shamba," akasema, lakini akafungua. Huko nako jua lilikuwa tele, ila upepo uliulaza mrenda, na simiti ikapata moto hadi udongo ukapasuka. Nikazihamishia ndoo nyuma ya tangi la maji, penye jua la asubuhi na kivuli mchana, nikafunika udongo kwa nyasi kavu usipoteze unyevu.

Hapo mrenda ukatulia, Mama. Umetoa yale maua madogo ya manjano, na maganda yameanza kukauka. Jana nilipoyaona nilikuita uje utazame. Nilikuita kwa sauti kabisa. Halafu nikabaki nimesimama katikati ya nguo za watu.

Mbegu zikikomaa nitazivuna, na mvua ikianza nitazipanda. Nyingine nitampa Mama Brayo, zisiwe kwangu peke yangu. Hazitapotea mikononi mwangu, nakuahidi.

Pumzika, Mama. Huko uliko, unikumbuke.

Mwanao,
Nekesa