Tukutane kwa Mama

Mama,

Cheka kwanza, maana najua neno hilo linavyokutekenya. Siku yangu ya kwanza pale ofisini Etobicoke, huku Kanada, nilikukuta umeinamia ramani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, nikakuita Mama kwa heshima zote nilizofunzwa kwetu Same. Ukaniangalia kama mtu aliyepigiwa simu isiyo yake. Ilipita wiki nzima ndipo ukanieleza kwamba kwenu Georgia, kule kwenye milima ya Kaukazi, "mama" ni baba. Wiki nzima nakuita baba mbele ya wenzetu, na wewe unaitika tu!

Ukalipiza. Ukaanza kuniita "deda", mimi nikasikia "dada", nikaona aibu mhandisi mwenye mvi zote zile kuniita dada. Kumbe deda ndiyo mama mzazi, na kwenu mzazi huyo humwita mwanawe deda pia. Nikakwambia hata kwetu mzazi humwita bintiye mama. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Sasa habari. Jumamosi tumefungua ukumbi.

Ndiyo, ule wa Weston, karibu na mto Humber, chini ya yale maghorofa ya zamani. Ule uliouchora kwa penseli nyuma ya karatasi ya menyu ya hospitali, ukalalamikia supu na nguzo kwa pumzi moja. Umesimama, Mama. Una miguu sita, zile nguzo zako, na ule mti wa mwaloni wa kiwanjani haukuguswa hata tawi.

Nilikuwa na hofu, nikwambie ukweli. Nilijua kituo chako cha mabasi kule kwenu, jengo pekee uliloliita lako, kilibomolewa ukiwa huku Kanada, ukaletewa picha ya kifusi. Ulinionyesha bila kulia, nikalia mimi. Ukumbi huu usingejengwa ulivyouchora, pasingebaki kitu chako duniani kilichosimama.

Na kamati ya jumuiya yetu haikuutaka mchoro wako. Baba Kabeya, mwenyekiti wetu, Mkongomani mpole lakini mbishi, alitaka mwaloni ukatwe na sakafu imwagwe moja kwa moja juu ya ardhi. Aliuliza ile nafasi wazi chini ya sakafu, kati ya nguzo, ni ya nini. Niliwaeleza ulivyonieleza wewe: kwamba ulipokuwa mwanafunzi Tbilisi uliona wasanifu na wahandisi wa kwenu wakiinua jengo zima la wizara ya barabara juu ya mteremko, vyumba virefu vya zege vikipishana hewani, na chini yake miti ikiendelea na maisha yake. Kwamba waliamini jengo liguse ardhi kidogo tu. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza tena ni ya nini.

Nikarudi mezani nikafanya ulivyonizoesha, kuanza mchoro na kile ambacho hatujengi. Nikachora nyasi. Nikachora kivuli cha mwaloni. Nikabaki nimeshika penseli sijui la kuongeza.

Mto ndio ulionisaidia. Theluji ilipoyeyuka, maji yakapanda yakafunika kiwanja chote. Baba Kabeya alishuka na mabuti yake ya mpira, maji yakamfika magotini, akanipigia simu akiwa amesimama humo humo. Alisema maneno manne tu: "Mama, inua ile nyumba."

Akaniita Mama! Niliweka simu chini nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, kwa sababu mtu niliyetaka kumwambia ulikuwa wewe, na ulikuwa umetutoka wiki tatu tu kabla ya hapo.

Basi Jumamosi. Hotuba zilikuwa ndefu huko juu, nisikudanganye. Nikachungulia dirishani nikaona watu wanapungua ukumbini, nikashuka kutazama kulikoni. Wote wako chini! Kina mama wa Kikongo wanasukana nywele kwenye ngazi. Watoto wanaruka kamba kati ya nguzo zako. Bibi mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza ameshatandika meza ya chai, anagombeza watu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Hakuna aliyewapangia. Baba Kabeya naye alishuka na bakuli la mandazi, akaegemea nguzo, na hakuuliza tena ni ya nini.

Ukumbi umepewa jina refu, limeandikwa kwenye kibao mlangoni. Hakuna anayelitumia. Mwaka mzima walinisikia nikisema hii miguu ni ya Mama, msiiguse miguu ya Mama, sasa wameupa jina lao. Jana binti yangu Lulu, yule anayenijibu Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula, nilimsikia akiongea na wenzake kwenye simu. Akawaambia kwa Kiswahili, "Tukutane kwa Mama."

Nimeshindwa kuwasahihisha. Mgeorgia akipita Weston akasikia hivyo, atadhani kuna mzee fulani wa kiume hapo.

Lala salama, Mama wangu, uliyekuwa baba. Kila theluji ikiyeyuka nitavaa mabuti nishuke kukagua nguzo moja moja, na nikiwa hai hakuna atakayejenga ukuta pale chini.

Deda wako,
Eliwaza