Ukuta wa Kona ya Mwisho

Kwako Dada,

Anayekuandikia ni dereva hodari kuliko wote waliowahi kushika usukani tangu gurudumu libuniwe, na usicheke, maana najua umeshaanza. Salamu tele zikufikie wewe, shemeji, na wale wapwa zangu wawili wasiojua kukaa kimya. Natumai mafua yamekuacha na yule mdogo ameacha kutafuna chaki. Sisi huku tu wazima, ila mimi tangu Jumapili sijamaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa. Hata barua hii naiandika nimesimama gereji, karatasi juu ya boneti ya gari la mteja, na bosi wangu Mzee Spana ameshaniuliza kama nina siafu kwenye suruali.

Simu ningekupigia, lakini nyumbani ni hatua chache tu kutoka hapa gereji, na masikio ya Baba siku hizi yanafanya kazi ya macho. Ukinong'ona jikoni, anakujibu akiwa uani.

Uliniagiza nimpeleke mlimani, kule kwenye hifadhi, kabla mwanga kidogo uliobaki machoni mwake haujazimika. Nimempeleka, Jumapili hiyo hiyo. Pikapu ya Mzee Spana niliisugua mpaka ikaanza kujiona gari la waziri. Baba alinyoa ndevu, akavaa lile koti la harusi yako, akakaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Njiani hakutaka kusikia habari ya wanyama wala maua. Alitaka ukuta wake tu. Unaujua wimbo wenyewe: ukuta wa mawe wa kona ya mwisho, kileleni kabisa, alioujenga alipokuwa fundi kijana, barabara ile ilipokuwa inachongwa. Marehemu Mama ndiye aliyekuwa akibeba maji ya kuchanganyia saruji, na siku walipomaliza, wawili wale wakagandamiza viganja vyao mwishoni mwa ukuta kabla haujakauka. Baba alisema hana haja ya kuona mandhari. Anataka kumshika Mama mkono, basi.

Getini tulimkuta askari wa hifadhi, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akatuambia tupande kwa gia ndogo na tushuke kwa gia ile ile, na kwamba anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda. Nikamwambia somo hilo mimi ningeweza kumfundisha yeye. Baba akamwomba anisamehe, akasema mimi nilizaliwa mdomo ukitangulia, mwili ukafuata kesho yake. Wakacheka wote wawili, kisha Baba akamsimulia yule mama habari za ukuta wake mpaka magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi.

Dada, ile barabara! Mwanzo ni msitu, miti imevaa ndevu za kijani, nyani wamekaa pembeni kama wazee wa baraza. Ukizidi kupanda miti inafupika, baridi inaingia mpaka kwenye soksi. Baba alifungua dirisha, akawa anazitambua kona kwa mwili wake unavyoegemea. Hapa tulivunja nyundo, ananiambia. Hapa msimamizi alitumbukia kwenye tope na suruali mpya. Alikuwa anacheka kama kijana, nami nikampa gia na mbwembwe zote, mkono mmoja usukani, mwingine dirishani. Kushoto jabali. Kulia hakuna kitu, na nikisema hakuna kitu simaanishi kichaka.

Ukungu ukashuka. Kwenye kona moja nyembamba likatokea basi la watalii likiteremka, na hilo halikusikia somo la yule mama. Nikaachia klachi ghafla, injini ikazima, pikapu ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tairi la nyuma likagonga jiwe la ukingoni, likakwama hapo. Basi likapita kwa kutambaa, dereva wake akaninyooshea dole gumba, mwanaharamu yule. Baba akauliza mbona tumesimama. Nikamwambia nampa nafasi avute hewa safi.

Ngoja nikaze nati za huyu mteja kwanza, narudi.

Nimerudi. Basi, tulipanda tena kidogo, tukafika penye uwanja wa kuegesha, nikamwambia Baba tumewasili. Alishuka kabla sijamfungulia mlango. Akaenda mbele na mkono umetangulia, akapapasa, akakuta vyuma vya kuzuia magari yasitumbukie. Akapapasa huku na huku, vyuma vitupu. Akaniuliza ukuta uko wapi. Nikamwambia watu wa hifadhi wameubomoa wakaweka vyuma vya kisasa. Akauliza mawe yamepelekwa wapi. Nikasema labda wamezibia mashimo ya barabara.

Alivishika vile vyuma kwa mikono miwili. Kisha akasema chuma kinataka rangi kila mwaka, jiwe halimsumbui mtu. Akaomba turudi nyumbani. Kushuka hakutaja hata kona moja.

Uliniuliza kwa nini Baba kwenye simu anakujibu kwa neno moja moja. Ndiyo hivyo. Koti amelitundika, habishani tena na redio. Anakaa mlangoni anasugua kiganja kwenye goti kama anafuta saruji.

Sasa Dada, kaa chini, maana mimi nimeshindwa. Pale hapakuwa kileleni. Ile ni sehemu ya kupumzikia, katikati ya safari. Kilele kilikuwa bado huko juu ndani ya ukungu, na kona nyembamba zaidi zilikuwa bado hazijaanza. Mguu wangu wa klachi ulikuwa unacheza ngoma peke yake, nikaogopa. Mimi, ndiyo. Niliogopa, na badala ya kusema nimeogopa, nikamvunjia Baba ukuta wake kwa mdomo.

Tulipotoka, yule mama wa getini aliinama dirishani kwangu, akaniuliza kama mzee ameuona ukuta. Akasema watalii huukalia wapigwe picha, na watoto hupenda kupima mikono yao kwenye vile viganja viwili. Baba alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho. Nilijiambia amelala. Na masikio yale! Sijui alisikia au hakusikia, na hilo ndilo linaloninyima kiti.

Kila nikienda kumwambia naishia kuongea habari za tairi. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza, ili nisiwe na pa kurudia nyuma. Nikishaituma hii naenda moja kwa moja mlangoni kwake. Wewe njoo na gari la shemeji, uendeshe. Mimi nitakaa kiti cha nyuma, na ukitaka nizibe mdomo kwa gundi, gereji ipo.

Kiganja cha Mama kipo, Dada. Hakuna aliyekibomoa ila mimi.

Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu, na usiwaambie nilivyojisifu pale mwanzo.

Ni mimi mdogo wako,
Injini, iliyozimikia katikati ya mlima