Mto wa Kwetu Kwenye Kompyuta

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya Julai, Mlima Meru hauonekani kabisa.

Leo nimewasilisha modeli yangu kwenye kikao cha bodi ya maji, inayotoa vibali. Nimerudi zangu nyumbani, mtaa wa Sakina, nimechemsha chai, na sijui kama nimefurahi au nimechoka tu.

Kwa wanaonisoma bila kunijua: kazi yangu ni kukadiria mito kwa kompyuta. Naiingizia mvua, mteremko, udongo, msitu na maji yanayochepushwa, nayo inaniambia mtoni yatabaki kiasi gani mwezi hadi mwezi; hesabu hiyo ndiyo modeli. Safari hii mto ni ule unaopita kwetu, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, baba anakolima kahawa na migomba.

Mwekezaji mmoja anataka kufungua shamba la maua huko chini. Siku hizi wanakuja wengi. Bosi aliniomba nionyeshe wastani wa mwaka. Kwa wastani maji yapo, masika inaficha mengi. Lakini mawaridi hayanywi wastani. Ukiliongeza shamba lile kwenye modeli, ikifika Oktoba mto unakauka kabla ya kufika barabara kuu.

Nilionyesha Oktoba.

Wazee wa kule juu, wamejikunyata ndani ya makoti yao, wakapiga makofi. Baba alikuwa kati yao. Kisha mwenyekiti akauliza swali nililokuwa nalingoja na kuliogopa.

"Na bila hilo shamba la maua, Oktoba maji yatatosha?"

"Hapana," nikasema. "Mifereji ya wakulima iliyopo tayari inachukua mno. Hasa ya juu."

Hakuna aliyepiga makofi.

Kibali cha maua kimekataliwa. Mifereji ya juu nayo, kiangazi hiki, itafunguliwa kwa zamu. Wa kwetu umo. Bosi hajanisemesha tangu kikao kiishe, na hilo naliweza.

Baba nilimkuta nje, kibarazani, akifunga vifungo vya koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamaliza vifungo vyote kwanza. "Ulijua mfereji wetu utaingia humo?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniomba niutoe."

Akainua kola ya koti.

"Ningekuomba," akasema. Akaondoka na wenzake.

Hakukasirika, au hakuonyesha. Nami sikulia. Nilirudi ofisini, nikahifadhi kazi, nikazima mashine. Namba bado naziamini. Nilizilinganisha mwenyewe na vipimo vya mtoni, nimesimama majini, na hazikupishana sana. Ila kwenye modeli shamba la baba ni eneo dogo la kijani, halina jina, na mimi ndiye niliyelichora.

Jumamosi nitapanda nyumbani, nikaribishwe au nisikaribishwe. Maji ya zamu hayatafika kwenye shamba zima. Itabidi mtu atembee na baba humo ndani, wachague migomba ya kuacha bila maji.