Tanzi la Ng'ambo ya Kijito

Shamba la Pant-yr-Hesg,
Llansilin,
Wales.

26 Aprili 2025

Mpendwa kaka Ifor,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Shemeji Joanne hajambo? Na Macsen, lile jino lililokuwa likimnyima raha limeng'oka? Mgongo wako nao naulizia, maana kazi ya kukata manyoya huko Queensland haimwonei mtu huruma. Natumaini umepata siku za kuunyoosha.

Sisi tu wazima, uzima wa Aprili kama unavyoujua: soksi hazikauki na usingizi tunauibia kwenye kiti. Kondoo wamezaa vizuri, mapacha wengi. Yule jike mweusi uliyesema hatafika Krismasi amezaa watatu, na kila nikipita ananitazama kwa dharau. Baba anakula. Magoti yanamsumbua, lakini anakula.

Najua unazisoma salamu hizi umekunja uso, ukingoja nifike kwa mbwa wako Mot. Simu sikuthubutu, kwa kuwa ungenikatiza, au ningejikatiza mwenyewe na kuanza kukusimulia habari za mvua. Kwa hiyo naandika. Naomba uisome yote kwanza, ndipo unitukane.

Mot hakuuawa na Baba. Waya ule ulikuwa wangu.

Mwaka huu mbweha walituzidi nguvu. Nilikuwa naamka nakuta mwanakondoo hana kichwa, mwingine ameliwa mkia na bado anapumua. Bunduki siiwezi kama wewe, na yule mwindaji tunayemwita alikuwa ameshikwa na mashamba mengine. Mama za wanakondoo wanalia kutwa, mimi nimesimama na ndoo. Nilipandwa na hasira, kaka, na hasira ndiyo iliyonipeleka ghalani kutafuta waya.

Sheria yetu nilikwisha kukuandikia. Tangu Wales ipige tanzi marufuku, hata lile la sungura alilokufundisha Baba ukiwa na kaptula ni kesi ya mahakamani. Kwa Waingereza bado ni halali, mradi tanzi liwe la kulegea lenyewe na ulikague kila siku. Uliponieleza kwamba huko kwenu mtu anashtakiwa kwa kufuga sungura nyumbani, tulicheka sana mezani. Hapa anashtakiwa kwa kumtega. Sungura yuleyule, masikio yaleyale.

Basi nikamwendea Tranter, jirani yetu wa upande wa Uingereza, nikamwomba nitege kwake.

“Tega tu, jirani,” akaniambia. “Mbweha wenu wanajua sheria kuliko mawakili. Wanalala Wales, wanakuja kula Uingereza. Ila ukimnasa mke wangu, umrudishe kabla ya chai.”

Tulicheka. Nikavuka kijito, nikafunga tanzi penye lile pengo la ua wa miti ambapo manyoya mekundu ya mbweha yamenasa kwenye miiba. Nilirudi nyumbani najisifu kwamba nimefuata sheria kama jaji.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza, na wewe uliyezaliwa hapa utalielewa upesi. Tangu utoto tumeimbiwa kwamba ng'ambo ya maji ni Uingereza. Lakini yale mafuriko yaliyokuja baada ya wewe kuondoka yalikihamisha kijito, kikapita katikati ya malisho yetu. Kipande kilichobaki ng'ambo tulimwachia Tranter alishe ng'ombe wake, na siku hizi sote tunakiita chake. Mpaka wenyewe haukuhama. Uko palepale pa zamani, kwenye ule mfereji mkavu uliojaa upupu. Mimi nilivuka maji, sikuvuka mpaka. Waya wangu halali ulikuwa umefungwa Wales.

Sijitetei kwa hilo. Hata ungefungwa Uingereza penyewe, shingo ya Mot ingekuwa ileile. Kosa lililomuua ni la pili: siku ile sikwenda kukagua. Mvua ya mawe ilikuwa ikinyesha, na nilikuwa nimeingiza mkono kwa kondoo aliyekwama na mtoto. Nikasema nitakwenda baada ya chakula. Baada ya chakula nikasinzia kwenye kiti, na viatu miguuni.

Kuna jambo jingine sikukuambia, na hili nalo ni kosa, kwa sababu nilikuwa nakuficha usije ukakosa usingizi huko mbali. Baba anasahau, Ifor. Si kusahau miwani. Anasahau njia ya kutoka ghalani kuja jikoni. Tangu majani yalipopukutika mwaka jana, Mot ndiye aliyekuwa akimrudisha nyumbani. Baba hutoka, Mot mbele, na Baba akisimama kushangaa, mbwa humgusa mkono kwa pua, wakaendelea. Nilikuwa nawaangalia dirishani nikasema afadhali, nafsi mbili zinatunzana, mimi nifanye kazi.

Siku hiyo walivuka daraja la mbao. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya mno.

Niliwakuta kando ya pengo. Baba amepiga magoti kwenye matope, kichwa cha Mot mapajani mwake, waya mkononi. Alikuwa amefanikiwa kuufungua, lakini amechelewa. Vidole vyake vilikuwa vikitoka damu. Mbele yao, kwenye njia ya miguu inayopita hapo, walikuwa wamesimama watembeaji wawili wenye mikoba mgongoni, mmoja analia, mwenzake anaongea na polisi kwenye simu. Baba akautazama waya, akanitazama mimi.

“Nimefanya nini, Mererid?”

Nilikuwa na nafasi, kaka. Maneno mawili tu yalitosha. Badala yake nikamwambia, “Twende nyumbani, Baba, umelowa.”

Afisa wa polisi alifika jioni hiyohiyo. Alisimama kwenye pengo na ramani kwenye simu yake, akatuonyesha kwamba tuko Wales, bado hatua kadhaa kufika Uingereza. Baba hakumngoja aulize.

“Wangu huo, bwana mkubwa,” akasema. “Natega hapa tangu nasoma. Hata baba yako nilimpa sungura wa Pasaka, muulize.”

Afisa akatabasamu kidogo, kisha akanigeukia kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Nikaenda kuinjika maji ya chai. Alipoondoka alinishauri nifiche nyaya zote mbali na mzee, nami nikamshukuru. Nilimshukuru, Ifor.

Kilichofuata unakijua kwa sababu ulikuwa upande wa pili. Baba ndiye aliyetaka kukupigia. Mimi ndiye niliyebonyeza namba. Akakuambia, “Nimemuua mbwa wako,” nami nikaisikia sauti yako ikitoka kwenye simu mpaka kwenye sinki: mzee mkaidi, ulimwonya kuhusu nyaya zake, hutaki kumsikia tena. Alibaki ameshika simu iliyokatika, anasema, “Ndiyo, mwanangu. Ndiyo.” Nilikuwa nasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Kuanzia siku hiyo hujapiga.

Tranter ndiye aliyekuja na koleo kunisaidia kumzika Mot, chini ya ukuta wa bustani. Hakunitania hata kidogo, na hapo nikajua mambo ni mazito.

“Waya huo mimi na wewe tunajua ni wa nani,” akasema. “Mzee wa watu anaubebea nini?”

Nikamwambia achimbe upande wake. Akachimba, lakini alipomaliza hakuingia kunywa chai, naye hajawahi kuikataa chai yetu.

Ningeweza kuishi na hasira ya Tranter. Nisichoweza kuishi nacho ni asubuhi. Baba akiamka anafungua mlango wa nyuma, anapiga mluzi. Anangoja. Kisha inamrudia, si yote, ila ile sehemu mbaya. Anakuja jikoni na nguo za kulalia, anashika ukingo wa meza. “Nisamehe, binti yangu. Mikono imezoea. Sijui hata lini nilitega.” Amesahau jina la mama mdogo Eluned, amesahau kama amekunywa dawa, lakini hatia hii isiyo yake haimtoki. Na mimi nilikuwa namjibu, “Yameisha, Baba,” namkatia mkate. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, wanasema. Wa kwangu nilimdunga yeye, kisha nikampa pole.

Jumapili iliyopita nilishindwa. Alipoanza tu kuniomba msamaha nikamkalisha kitini, nikamwambia yote, tangu kwa Tranter mpaka kusinzia kwenye kiti. Alinisikiliza kwa makini, kama zamani tulipokuwa tukimweleza nani kavunja dirisha. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi anipige.

“Niliona,” akasema. “Fundo baya lile. Mimi nifunge fundo kama lile? Babu yako angefufuka anichape.”

Akacheka, Ifor. Akaniita mpumbavu, akanishika kichwa kwa mkono wake wenye vidonda, akala mayai na nyama akamaliza, akaomba tena. Siku nzima alikuwa mwepesi. Alimlilia Mot kama mtu anavyomlilia mbwa, bila kujilaumu. Nami nilidhani nimeutua mzigo.

Jumatatu asubuhi akapiga mluzi mlangoni, akaja jikoni, akashika ukingo wa meza. “Nisamehe, binti yangu. Mikono imezoea.”

Sasa namwambia kila siku. Ni mimi, Baba, si wewe. Siku nyingine anacheka habari ya fundo, siku nyingine ananigombeza vibaya, na jana alinifukuza jikoni, akasema hataki kuniona mpaka nimlete mbwa. Vyovyote atakavyoamua, ni haki yake, na kila asubuhi ni mara yake ya kwanza kusikia. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, kabla ya ile ya mahakama.

Maana hata kituoni nimekwenda. Afisa aliniandikia maelezo yangu yote, akaniambia nitaitwa. Tranter aliposikia alikuja jioni, akanywa vikombe vitatu, akasema kama nitafungwa atawachunga kondoo wangu na kuwafundisha Kiingereza. Nyaya zote nimezikata vipandevipande. Mbweha bado wanakuja.

Wewe sikuombi unisamehe. Mbwa alikuwa wako, ulimlea kwa chupa, ukaniachia mimi kwa sababu uliniamini kuliko jua la huko. Nikasirikie kadiri utakavyo, na usinipigie kwa mwaka mzima ukitaka.

Lakini Baba mpigie. Piga asubuhi yetu, nikiwa nimekwisha kumwambia, kabla hajasahau. Mwulizie kondoo, mwulizie magoti, mwache akusimulie uongo wake wa samaki. Jambo moja tu nakusihi, kaka yangu: usimwambie umemsamehe. Akilisikia neno hilo kutoka kwako, ataamini kweli alikosa, na mimi sitakuwa na namna ya kumtoa huko tena.

Msalimie sana Joanne, na Macsen umbusu mashavu yote mawili. Mama mdogo Eluned anawasalimu na anauliza kama soksi alizofuma zilifika, ingawa nimemweleza huko ni joto. Tranter naye ametuma salamu, za Kiingereza. Mungu awatunze nyote katika nchi hiyo ya jua, awape mvua ya kutosha, na wewe akuepushe na kosa la kunyamaza.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata kama kwa sasa hutaki kupendwa naye,

Mererid